Shajara ya kusubu chubwi za risasi nyumbani, Sahare Tanga, Juni hadi Agosti 2024

1 Juni 2024, Jumamosi

Kusi, ule upepo wa kusini, limeshaingia kweli kweli. Wiki hii tumetoka mara tatu na ngalawa, mara zote chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) ya gramu 150 haikai chini, unashusha mshipi pima 20 unauona unalala ubavu unaondoka na mkondo, ndoana ziko huko juu wakati changu na chewa wako chini kwenye mawe. Kwaiyo lazima uende gramu 250 na kuendelea. Dukani ya 250 ni shilingi 3,000 na mimi kwa safari moja naacha tatu mpaka nne kwenye mwamba, yani natoa elfu tisa mpaka elfu kumi na mbili baharini kabla sijapata hata samaki wa mboga. Nimeona hapana, nasubu mwenyewe, yani nayeyusha risasi (ile metali nzito, sio ya bunduki) namimina kwenye kalibu, umbo la kuigandishia. Naandika hapa kila hatua ikiisha ili mwenye shida kama yangu asianze sifuri na asiungue nilipoungulia mimi.

Wengine watauliza kwanini nisifunge jiwe au plagi zilizokufa za gari. Plagi nimetumia sana tu. Shida ni maji. Kilo ya jiwe ukiizamisha inabaki na uzito wa kama gramu 600 hivi, chuma inabaki kama 870, risasi inabaki kama 910. Na kikubwa kuliko hilo ni ukubwa wa umbo, risasi ni ndogo kwa uzito uleule kwaiyo mkondo unakosa pa kuishika. Wakati wa kaskazi maji yametulia jiwe linafaa, kusi hili halifai.

5 Juni

Leo nimetafuta risasi. Nimezunguka kwa mafundi wa matairi watatu kule Ngamiani, wanakuwa na makopo ya vile vipande wanavyogonga kwenye rimu wakibalansi tairi. Mmoja kanipa bure kama nusu kilo, wawili wameniuzia 3,500 kwa kilo. Mbali na ile ya bure nimenunua kilo 9, jumla 31,500.

Kosa langu la kwanza liko hapahapa, nimepima nikalipa bila kuchambua. Nimefika nyumbani nimepitisha sumaku, vipande vingi vya siku hizi ni chuma kitupu kimepakwa rangi ya kijivu. Halafu kuna vya zinki, hivi sumaku haivishiki na kwa macho ni kama risasi. Mzee mmoja nahodha jirani yangu alikuwa amekaa barazani ananiangalia, nikamwamkia akaniambia "mwanangu, dondosha kwenye saruji usikilize". Kweli bwana, risasi inatua na mlio mzito wa kufa, zinki inalia kama sarafu. Nyingine ya kuhakikisha, bana na koleo ya kukatia waya, risasi inaingia meno, zinki inagoma. Zinki ikiingia kwenye chungu inaharibu mzigo wote, risasi inakuwa nzito kama uji na haijazi kona za kalibu. Baada ya kuchambua, na kutoa zile klipu za chuma, nimebakiwa na kilo 6.8 za risasi. Kwaiyo kilo yangu kwa ukweli imenigharimu kama 4,630 na sio 3,500. Chambueni kabla ya kupima.

Betri za gari sijagusa na sitagusa, hili naomba nilisemee kwa kirefu kidogo. Watu wengi hapa pwani wanapasua betri maana risasi yake ni nyingi na rahisi. Ndani mle kuna asidi, na ile tope ya kijivu na kahawia iliyoshika kwenye sahani ni risasi iliyoungana na vitu vingine, ikikauka inakuwa vumbi, ukiichoma inatoa moshi mbaya. Hapo Mombasa mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, watu wakaumwa, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, kesi ikaenda mpaka mahakama ya Mombasa mwaka 2020 ikaamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 na baada ya hapo rufaa zikaendelea. Mtoto hana kiwango salama cha risasi mwilini, hata kidogo inagusa akili yake. Chubwi haina thamani hiyo.

9 Juni, Jumapili

Vifaa. Fundi wa kuchomelea kanikatia kipande cha bomba nene la chuma akaziba kitako na akaweka mkono, 8,000. Upawa wa chuma 3,000, huu haurudi jikoni tena maisha yake yote na nimeufunga kitambaa chekundu ili mtu asichanganye. Glavu za ngozi na miwani 9,000. Sufuria ya kawaida ya aluminiamu msiweke, risasi inayeyuka nyuzi 327 na aluminiamu 660 kwaiyo unaweza kuona kuna nafasi kubwa, lakini mkaa ukipulizwa na upepo wa kusi unapita hapo kirahisi na kabla haijayeyuka inalegea, kitako kitakutoka na risasi yote miguuni.

Sehemu ya kazi ni nyuma ya nyumba, wazi, upepo mgongoni kwangu, watoto wamepelekwa kwa bibi yao.

Jaribio la kwanza ni mchanga. Nilidhani ni rahisi, unalowesha mchanga kidogo ushikane, unakandamiza chubwi ya dukani unaitoa, unamimina. Nimemimina upawa wa kwanza, sekunde hata mbili hazijafika ikalipuka. Sio kulipuka kama baruti, ni kama mafuta ya moto yaliyoingiliwa na maji ila hapa kinachoruka ni risasi. Tone moja limenipata juu ya glavu kwenye mkono, nimebaki na alama ya ukubwa wa punje ya hindi. Miwani ilikuwa na tone mbili. Mbili! Bila miwani leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Sababu yake ni kwamba maji yakigeuka mvuke ghafla yanatanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na kama yako chini ya risasi yanaisukuma yote juu. Kwaiyo sheria nimejiwekea, hakuna kitu chenye unyevu karibu na chungu, hata upawa unapashwa kwanza juu ya moto kabla haujachovywa, na hata kipande cha risasi unachoongeza kipashwe pembeni kwanza maana kinaweza kuwa kimeshika umande. Jasho pia, nimejifunga kitambaa kichwani.

Mchanga nimeachana nao.

16 Juni

Tarehe 12 nilinunua jipsam kilo 2 kwa 3,000, ileile ya mafundi dari. Nikatengeneza kalibu ya vipande viwili, chubwi ya dukani imelala nusu, nimepaka mafuta ya nazi isigande, nikamimina nusu ya pili juu yake. Imetoka safi sana, nilifurahi. Nikaiacha kivulini siku nne, ukiigusa ni kavu kabisa.

Leo nimemimina. Haikuruka ila imechemka ndani, unaisikia inagugumia, na chubwi imetoka na matundu kama maandazi. Nimerudia mara tatu matokeo yaleyale. Nilichokuja kuelewa ni kwamba jipsam inashika maji ndani ya umbo lake lenyewe, sio yale ya juu tu ambayo jua linakausha, yanatoka kwa moto. Kesho Idd, kazi inasimama.

19 Juni

Kalibu nimeioka. Juu ya jiko la mkaa mdogo uliofunikwa majivu, nimeweka bati katikati isiguse moto moja kwa moja, kwa muda wa saa nne. Nilikuwa naweka kipande cha kioo juu yake, kikipata ukungu ujue bado maji yanatoka. Kioo kilipobaki kikavu nikamimina, imekubali. Chubwi kumi na moja nzuri, zimejaa. Ya kumi na mbili kalibu ikapasuka katikati. Jipsam iliyookwa inakuwa laini kama chaki, haidumu. Kwa mtu anayetaka chubwi kumi za kwake tu inatosha, na ni elfu tatu tu. Kwangu mimi haitoshi.

Vitanzi vya juu nimetumia waya ule wa kufungia nondo maana ulikuwepo nyumbani.

24 Juni, Jumatatu

Taarifa kutoka baharini. Tumetoka Jumamosi na Jumapili kwenye bamvua (maji makubwa) la mwezi mpevu, maji yanakwenda kasi mno, chubwi za 250 zimekaa chini vizuri sana, nimefurahi kwa hilo. Lakini nimepoteza tano na hakuna hata moja iliyonaswa na mwamba kihalali. Nimezikagua zilizobaki nikaona tatizo, ule waya wa nondo umeshaanza kula kutu baada ya siku mbili za chumvi, na ncha zake zinasugua nailoni mpaka inakatika. Mbili nilivuta nikarudi na kitanzi kitupu, waya umechomoka kwenye risasi kama msumari kwenye ndizi. Risasi haigandi kwenye waya, inauzunguka tu, kama waya umenyooka ndani hakuna kinachoushika.

Na mimi nilikuwa nimehangaika na kalibu wiki tatu, kitanzi nikakifanya kwa dakika moja. Zile sita zilizobaki nitaziyeyusha upya.

30 Juni

Nimeenda kwa fundi wa kukereza. Nimempa vipande viwili vya aluminiamu alivyokuwa navyo kwenye skrepa, kavisawazisha uso, kavibana pamoja, katoboa tundu la milimita 19 katikati kabisa ya mstari wanapokutana, kina sentimita 8. Chini ncha ya kekee imeacha umbo la koni lenyewe. Kaweka pini mbili ili vipande visihame, na kimfereji kidogo chini cha kupitishia waya wa kitanzi. 45,000 na nimebembeleza, alianza na 70. Hii ndio gharama kubwa kuliko zote humu.

Umbo nimelichagua kwa makusudi. Ya dukani ni nene kama pea, inajibana kwenye nyufa za mawe. Nyembamba ndefu inateleza ikatoka.

3 Julai

Za kwanza nane zimetoka na makunyanzi kama ngozi ya mzee, na kona hazijajaa. Nikadhani risasi ina zinki iliyopita. Hapana, ni kalibu baridi. Aluminiamu inanyonya joto haraka, risasi inaganda kabla haijakaa. Nilichofanya:

Kwanza nimeosha kalibu kwa sabuni ya unga na mswaki maana fundi aliacha mafuta ya mashine, nayo yanafanya makunyanzi vilevile. Nikaikausha juu ya moto. Halafu nimewasha kibatari nikafukiza ndani ya tundu mpaka ikashika masizi mepesi, hii risasi inapita vizuri na haing'ang'anii. Halafu kalibu inakaa pembeni ya jiko robo saa kabla ya kuanza. Na za kwanza tatu nne nazirudisha chunguni bila hata kuziangalia, hizo ni za kupashia kalibu. Ikipata moto sana chubwi inatoka na rangi ya ukungu badala ya kung'aa, hiyo haina shida yoyote kwa kazi yetu, pumzika dakika mbili uendelee.

Risasi yenyewe kabla ya kumimina inasafishwa. Natupia kipande cha mshumaa kama ukucha, kinawaka moto, usiogope, kaa mbali kidogo, koroga na kijiti kikavu ukikwangua pembeni na chini, uchafu wote unapanda juu kama majivu, unauengua. Ule uchafu ni vumbi la risasi, nauweka kwenye kopo lenye mfuniko, simwagi uani.

Shida nyingine ambayo sikuitegemea, risasi inasinyaa ikipoa, kwaiyo juu inaacha shimo refu kama kisima na ukiipima ni gramu 238. Nimerudi kwa fundi kanipanulia mdomo wa juu kama kikombe, bure. Sasa namimina mpaka kikombe kijae, kinaendelea kuilisha ya chini inapoganda, halafu kile kikichwa nakikata na koleo ingali ya moto na kinarudi chunguni. Usikatize kumimina katikati, upawa mmoja mfululizo, ukisita unapata mstari na hapo ndipo itakapovunjika.

7 Julai, Jumapili

Vipimo. Kwa mizani ya jikoni ya dijito (niliyoazima, na nimeifunika nailoni) kundi la kwanza lilikuwa kuanzia 241 mpaka 257. Kundi la mwisho la chubwi 12 liko kati ya 248 na 252. Tofauti yote ilikuwa ni jinsi ninavyokata kile kikichwa. Mtu atasema gramu kumi ni nini baharini, ila ukishusha mishipi miwili ubavu kwa ubavu na mmoja mwepesi, mkondo unaipishanisha na unapata fundo moja la kukupotezea nusu saa.

Kitanzi sasa ni waya wa umeme wa shaba wa milimita 4 za eneo, ule mgumu wa uzi mmoja, nimeuvua ganda. Mkia unaoingia ndani nimeukunja kama ndoana pande mbili ili risasi iushike. Nimening'iniza ndoo ya lita 20 imejaa maji kwenye chubwi moja, usiku kucha, haijachomoka na kitanzi hakijafunguka. Kitanzi nasugua na msasa wa maji mpaka kidole kikipita hakihisi ncha.

Halafu kuna jambo ambalo yule nahodha alinifundisha na nasikitika sikulijua mapema. Usifunge chubwi kwa mshipi uleule. Funga kwa kipande cha nailoni dhaifu, nusu ya nguvu ya mshipi wako. Mwamba ukishika, unapoteza chubwi peke yake, ndoana zako na samaki wako unarudi nao. Leo bamvua la mwezi mwandamo tumejaribu, chubwi kumi chini kutwa nzima, nimeacha moja tu, na ndoana zote nimerudi nazo, na chewa mmoja aliyekuwa ameshaingia kwenye pango nimempata kwa sababu hiyohiyo.

20 Julai

Rangi. Hili wengi wanaliona urembo, mimi naliona ni lazima. Siku nzima unashika risasi tupu kwa mkono uliolowa, kisha unashika muhogo unakula. Vidole vinakuwa vyeusi, ule weusi ni risasi. Na kuna tabia tunayo wavuvi wa mshipi, ukitaka kufunga ndoana unaibana chubwi kwa meno ili mikono iwe huru. Nimeifanya tangu mtoto, baba yangu aliifanya, na naomba tuiache. Vijana mnaosoma hapa iacheni leo.

Mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta ulibanduka wote safari ya pili, chini palikuwa na masizi ya kibatari. Dawa ni kuziosha kwa sabuni, kuzisugua na msasa ukiwa ndani ya beseni la maji (msasa mkavu unarusha vumbi, usifanye), zikauke juani, mkono mmoja wa praima ya chuma, siku moja, halafu mikono miwili ya rangi. Zimeenda safari tano hazijabanduka isipokuwa kwenye ncha zinapogonga mawe. Nimechagua njano, inaonekana ikipanda na najua chubwi imefika kabla samaki hajafika.

Nguo za kazi zinafuliwa peke yake, na naoga kabla sijamshika mtoto.

4 Agosti

Hesabu, kwa walioniuliza. Risasi 31,500, chungu 8,000, upawa 3,000, glavu na miwani 9,000, jipsam 3,000, kalibu ya aluminiamu 45,000, mkaa 6,000, waya 4,000, rangi na praima 7,000. Jumla 116,500. Nimepata chubwi 27 tukihesabu na zile tano za waya wa nondo. Dukani 27 ningenunua kwa 81,000, kwaiyo mpaka leo nimetumia zaidi ya dukani kwa 35,500 na sitaki kumdanganya mtu hapo. Ila kalibu na chungu viko. Kundi lijalo chubwi moja itanigharimu kama 1,550 na kila kitu ndani, naokoa 1,450, kwaiyo zikitoka nyingine 25 nimerudisha hela yangu. Anayevua mara moja kwa mwezi asihangaike, anunue tu. Au muwe watatu wanne mchangie kalibu moja, hiyo ndio ningefanya kama ningeanza leo, mtaa wetu peke yake kalibu moja inatosha.

Yule nahodha kaniagiza sita, kanipa risasi yake mwenyewe ya timazi kuukuu la ujenzi na mabaki ya bomba la zamani, laini mno ukiibonyeza ukucha unaingia. Nimeona tofauti, za balansi ni ngumu zaidi kwa kuwa zimechanganywa antimoni, metali nyingine inayoigumisha risasi, zikigonga mwamba hazipondeki ncha. Nimemchanganyia nusu kwa nusu.

Kwa sasa 250 inanitosha mpaka pima 20, kule nje ya kisiwa cha Jambe panaposhuka ghafla haikai. Nimeshaongea na fundi wa kukereza juu ya kalibu ya gramu 400, anasubiri kipande kinene cha aluminiamu. Akishatoboa nitaongeza hapa chini.